Kabla Hujafungua Butiloda: Ushauri kwa Fundi Simu Anayeanza

Ukitaka kujifunza kufungua butiloda (programu inayoiwasha simu na kuzuia mfumo usio wa kiwandani) na kuweka rikavari (mfumo mdogo wa kurekebishia simu) kama TWRP, jifunze kwanza njia ya kurudi. Video nyingi za mafunzo zinakuonyesha amri tatu, skrini inawaka, kazi imekwisha. Hazikuonyeshi simu iliyoganda kwenye nembo huku mwenyewe anakusubiri na wewe huna faili la asili la kuirudishia. Nimekaa na kazi hii muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba simu nyingi zinazofia mikononi mwa mafundi wapya zinaponzwa na faili la simu nyingine. Amri zilikuwa sahihi kabisa.

Chukua Galaxy A12, moja ya simu zilizouzwa sana duniani mwaka 2021. Boksi linasema A12, kava ni lile lile, bei ni ile ile. Lakini kuna SM-A125F yenye chipu ya MediaTek Helio P35, na kuna SM-A127F yenye chipu ya Exynos 850. Ni simu mbili tofauti kabisa zilizovaa jina moja. Redmi 9 nayo ni ukoo mzima: 9A ina Helio G25, 9C ina G35, Redmi 9 yenyewe ina G80, na 9T ina Snapdragon 662. Na kama hiyo haitoshi, simu iliyouzwa India kwa jina la Redmi 9 ni 9C ya kwingine. Fundi anayetafuta "TWRP ya Redmi 9" mtandaoni na kupakua ya kwanza anayoiona anacheza kamari na mali ya mtu.

Kwa hiyo usiamini boksi, na usiamini maneno ya mteja. Iulize simu yenyewe. Washa chaguo za wasanidi kwa kugusa namba ya muundo mara saba, washa utatuzi wa USB, unganisha kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuipa simu amri kwa waya, kisha andika `adb shell getprop ro.product.device` na `adb shell getprop ro.board.platform`. Ya kwanza inakupa jina la ndani la simu, ya pili jina la chipu, mfano mt6765 au mt6768. Andika na `adb shell getprop ro.boot.slot_suffix`. Ikijibu `_a` au `_b`, simu ina patisheni pacha, yaani sehemu za hifadhi yake zina nakala mbili mbili, na mpango mzima wa mahali pa kuweka rikavari unabadilika. Isipojibu kitu, ni ya mpangilio wa zamani. Tena angalia `ro.product.cpu.abi`, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu zinaendesha mfumo wa biti 32 juu ya chipu ya biti 64, na ROM (faili la mfumo mzima) ya biti 64 haitawaka humo hata ufanye nini. Majibu yote yaandike kwenye daftari pamoja na namba kamili ya toleo la mfumo kama inavyoonekana kwenye mipangilio.

Namba hiyo ya toleo ndiyo itakayokuongoza kwenye famuwea ya asili, yaani programu yote ya kiwandani ya simu hiyo, nami nasisitiza: ipakue yote, ifungue, uhakikishe ina mafaili ya boot (ya kuwashia mfumo), vbmeta (ya ukaguzi wa sahihi), na recovery kama ipo, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Kwa MediaTek utakuta na faili la scatter linaloeleza kila patisheni inaanzia wapi. Kwa chipu za Unisoc, zilizomo kwenye itel nyingi, famuwea huja kama faili moja la pac. Kwa Samsung ni mafaili ya tar ya Odin, programu ya kompyuta ya kuandikia simu za Samsung. Hapo Samsung ina mtego wake: kwenye namba ya toleo kuna tarakimu inayofuata herufi U au S, kama U3, na hiyo ndiyo daraja la butiloda. Ukishakuwa daraja la 3 hurudi la 2. Fundi aliyepakua famuwea ya zamani kidogo, akadhani zote ni sawa, atakwama katikati ya safari. Ukikosa famuwea inayolingana, mwambie mteja kazi haiwezekani kwa sasa. Hayo ni majibu ya fundi kamili.

Jambo la pili ni IMEI, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwenye simu za MediaTek, IMEI, anwani ya Wi-Fi na vipimo vya mawimbi vya simu hiyo moja tu vimehifadhiwa kwenye patisheni kama nvram, nvdata, nvcfg na proinfo. Famuwea unayopakua haina vitu hivyo, kwa sababu kila simu ina vyake vilivyowekwa kiwandani. Sasa, SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuandikia simu za MediaTek, ina chaguo linaloitwa Format All + Download. Linavutia kwa sababu linaonekana kama usafi wa jumla. Linafuta kila kitu, pamoja na nvram. Simu itawaka vizuri, itapendeza, na haitapiga simu kwa mtu yeyote. Tumia Download Only, na hata hapo ondoa tiki kwenye preloader, programu ya mwanzo ya kuwasha simu, kama hakuna sababu maalumu ya kuigusa.

Tanzania jambo hili si la kiufundi peke yake. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima kwenye mitandao simu zote zenye IMEI bandia, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo tangu mwisho wa Septemba 2012. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inahesabu kubadili IMEI kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo ukishaipoteza, unabaki na simu inayohitaji matengenezo ambayo wewe huruhusiwi kuyafanya kienyeji. Piga *#06#, andika namba zote mbili, na rikavari ikishakubali, kazi yake ya kwanza kabisa iwe kunakili patisheni hizo na kuzihamishia kwenye kompyuta. Kwa Samsung inayotakiwa kunakiliwa ni patisheni ya efs. Kadi ya kumbukumbu ya mteja si mahali pa kuhifadhia nakala hiyo.

Kabla ya kufungua, jiulize kama kuna haja. Mtu anakuja na simu ya RAM ya GB 2, nafasi imejaa, programu za kiwandani zinamsumbua kwa matangazo, ameambiwa na rafiki yake kwamba dawa ni kuruti, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo. Mara nyingi dawa ni `adb shell pm uninstall --user 0` ikifuatiwa na jina la kifurushi cha programu. Inaondoka kwa mtumiaji, butiloda inabaki imefungwa, data yake yote ipo, na ukiondoa kitu kimakosa unakirudisha kwa `adb shell cmd package install-existing`. Mimi huanza hapo karibu kila mara, na wengi huondoka wameridhika. Kufungua butiloda ni kwa anayetaka mfumo mwingine kabisa, kama LineageOS kwenye simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho, au anayejifunza kwenye simu yake mwenyewe.

Mweleze mteja gharama tatu kabla ya kulipwa. Kwanza, kufungua butiloda kunafuta kila kitu kilichomo ndani: picha, mazungumzo ya WhatsApp, majina. Android imefanya hivyo kwa makusudi, ili mwizi asifungue simu na kusoma siri za mwenyewe. Pili, simu haitapita tena ukaguzi wa usalama wa Google uitwao Play Integrity kama zamani, kwa hiyo programu za benki na baadhi ya programu za pesa zinaweza kukataa kufunguka. Menyu za namba kama *150*00# zinaendelea kufanya kazi, lakini aliyezoea kufanya biashara yake kwenye programu ya benki anahitaji kulijua hilo mapema. Tatu, kwenye MediaTek kila simu ikiwashwa itatokea maandishi ya onyo ya Orange State kwa sekunde tano. Usipomwambia, atarudi kesho akidhani umeharibu. Kwa Samsung kuna la nne: ukiweka programu isiyo rasmi, alama ya Knox, ulinzi wa Samsung, inageuka 0x1 na hairudi, na Folda Salama inakwenda na maji.

Tendo lenyewe ni fupi, ndiyo maana sitakaa hapo. Betri iwe zaidi ya nusu. Tumia laptopu yenye chaji, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika preloader una kazi ya usiku kucha. Kwenye chaguo za wasanidi washa OEM unlocking. Ikiwa imefifia, unganisha intaneti na usubiri. Kisha `adb reboot bootloader` kuingia fastboot, hali ya kuandikia simu kutoka kompyuta, hakikisha kompyuta inaiona kwa `fastboot devices`, halafu `fastboot flashing unlock`, na ukubali kwa kitufe cha kuongeza sauti. Tecno na Infinix nyingi zenye MediaTek hufuata njia hiyo. Xiaomi inataka akaunti iliyofungamanishwa na simu pamoja na kusubiri, mara nyingi saa 168. Samsung hufunguliwa kwenye Download Mode kwa kubonyeza kwa muda kitufe cha kuongeza sauti, ingawa kuanzia One UI 8, mfumo wake wa mwaka 2025, imeanza kuliondoa chaguo hilo. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Unisoc ina utaratibu wa ufunguo uliosainiwa, si wa kuanzia kujifunza. `fastboot devices` isipoleta kitu, shuku waya kwanza, draiva baadaye. Na kwenye kompyuta fulani tundu la USB 3 linasumbua huku la USB 2 linafanya kazi palepale.

Baada ya kufungua, wengi hukimbilia kuweka rikavari na simu inaanza kujizima na kujiwasha. Sababu kubwa ni vbmeta. Tangu Android 8 simu hukagua sahihi ya kila patisheni kabla ya kuwaka, kama mlinzi wa geti mwenye orodha ya majina. Rikavari yako haimo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana unaandika vbmeta ya asili ya simu ile ile kwa `fastboot --disable-verity --disable-verification flash vbmeta vbmeta.img`. Nimesema ya simu ile ile. Vbmeta tupu ya kuokota huponya simu moja na kuilaza nyingine.

Kisha rikavari. Simu ya mpangilio wa zamani: `fastboot flash recovery`, na usiiache iwake kawaida hata mara moja. Mfumo wa asili una kawaida ya kurudisha rikavari yake pale unapowaka, ndipo utaona fundi mpya analalamika kwamba TWRP imepotea. Toka fastboot ukiwa umeshika vitufe vya kuingia rikavari moja kwa moja. Simu ya patisheni pacha kwa kawaida haina patisheni ya rikavari inayojitegemea. Rikavari imo ndani ya boot, au kwenye vendor_boot kwa nyingi za miaka ya karibuni. Hapo kuweka faili mahali pasipo pake ni kuondoa hata uwezo wa kuwaka, kwa hiyo soma maelezo ya aliyeitengeneza kwa simu hiyo hadi mwisho. Kama lengo ni kuruti tu, hata rikavari huihitaji: unaihamisha boot ya asili kwenye simu, programu ya Magisk inairekebisha, unairudisha kwa fastboot. Kwenye simu zilizotoka kiwandani na Android 13 kwenda mbele, tafuta init_boot badala ya boot.

Ukiingia TWRP ukaona mafaili yana majina yasiyosomeka na nafasi inaonekana MB 0, usishtuke. Data imesimbwa na rikavari haina ufunguo wake. Nenda Format Data, andika yes, washa upya rikavari. Kwa kuwa kufungua butiloda kulishafuta kila kitu, hupotezi cha ziada.

Kuna simu usizoziweka mezani. Simu ya mkopo iliyofungwa na kampuni kwa sababu mwenyewe hajamaliza kulipa, bado si yake, na ukiifungua umeingia kwenye mkataba usio wako. Simu inayodai akaunti ya Google ya mtu asiyekuwepo, ulinzi uliokuja na Android 5.1 mwaka 2015, omba risiti au boksi lenye IMEI inayolingana. Ikikosekana, rudisha simu kwa heshima. Fedha ya kazi hizo ni ya haraka, na ndiyo inayowapeleka mafundi vijana polisi.

Ikitokea simu imekufa kabisa, haiwaki wala haichaji, usikate tamaa mapema kama ni MediaTek. Ndani ya chipu kuna programu ya kuanzia iliyochongwa kiwandani, BROM, ambayo hakuna amri yako inayoweza kuifuta. Shika vitufe vya sauti, chomeka waya, uangalie kama kompyuta inatambua kifaa kipya. Ikitambua, famuwea uliyoipakua mwanzo na ile nakala ya nvram vinaweza kuirudisha, isipokuwa kwenye chipu mpya zinazodai idhini ya mtengenezaji.

Na mteja akibadili mawazo, anataka simu yake irudi kama zamani, usianze na `fastboot flashing lock`. Ukifunga butiloda huku boot au rikavari ikiwa si ya asili, ukaguzi utaikataa na simu itagoma kuwaka kabisa, safari hii ikiwa imefungwa. Rudisha famuwea nzima ya asili, iwashe hadi mwisho, ingia mipangilio, piga *#06# ulinganishe na daftari, jaribu kupiga simu kwa laini zote mbili. Hapo ndipo unafunga, ukijua kwamba kufunga nako kunafuta data upya, kwa hiyo mteja asianze kurudisha picha zake kabla hujamaliza.