Watu wanne, folda moja: kwa nini kazi inafutana

SWALI: Tuko vijana wanne katika chumba kimoja hapa Kamalondo, Lubumbashi, tunajenga duka la mtandaoni la vitenge kwa WooCommerce, plagini ya duka ya WordPress. Faili zote ziko kwenye folda moja ya kompyuta ya ofisi, kila mtu anaingia kwa waifai, na anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Fundi mmoja anasema dawa ni kukodi seva na kugawana nywila moja ya FTP, njia ya kupakia faili kwenye seva. Tukodi?

JIBU: Msikodi. Seva hiyo itakuwa folda ileile, ila sasa mtailipia kila mwezi.

Swali hili naletewa kila mara, na chini yake kuna dhana ileile: kwamba mazingira ya pamoja maana yake ni mahali pamoja. Hapana! Mnachogawana ni maelezo ya namna mazingira yanavyojengwa: toleo gani la PHP (lugha ya msimbo), la MariaDB (hifadhidata), la WordPress, la WooCommerce. Yanaandikwa kwenye faili moja, compose.yaml, Docker, programu inayoendesha mazingira hayo, inaisoma, na kila mmoja anapata duka zima ndani ya laptopu yake. Nyumba nne zinaweza kupika bukari kwa kipimo kimoja cha unga bila kukoroga sufuria moja. Msimbo mnaoandika wenyewe upite Git, programu inayotunza kila badiliko na kuunganisha kazi za wengi. Nayo haidai intaneti ili kuhifadhi: umeme ukikatika, mwenye betri anaendelea na kutuma jioni. Leo kompyuta ya ofisi ikizimika mnabaki kutazamana.

Pesa ya seva itieni kwenye RAM, maana Docker juu ya GB 4 inahema. Mega zikiwauma, mmoja apakue imeji za Docker (vifurushi vya programu hizo), azitoe kwa docker save kwenye flashi, wengine wazipakie kwa docker load. Mwenye Windows achunge herufi: kwake Kitenge.php na kitenge.php ni faili moja, kwenye seva ya Linux ni mbili.

Hifadhidata, yaani ghala la bidhaa na kurasa za duka, ndiyo itakayowaumiza. Git haijui kuunganisha mbili. Kila kitu humo kina namba yake: namba 120 kwako ni kitenge, kwa mwenzako ni ukurasa wa mawasiliano, utachukua ipi? Bidhaa za majaribio ziwekeni kwenye faili moja ya CSV, kila mtu aiingize kwake kupitia WooCommerce. Na siku ya kuhama kutoka localhost, anwani ya ndani ya laptopu, kwenda anwani ya kweli, msifungue faili ya SQL na kubadilisha anwani kwa mkono. WordPress huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na hesabu ya urefu wa kila andiko. Andiko likibadilika na hesabu ikabaki, mpangilio hausomeki tena. Tumieni wp search-replace ya WP-CLI, zana ya kuamuru WordPress kwa maandishi, inarekebisha hesabu yenyewe.

Huyo fundi wenu simjui, lakini namjua. Baada ya FTP atawaletea flashi ya plagini za kulipia zilizovunjwa leseni, bure. Anayezivunja hafanyi sadaka: mara nyingi anaacha mlango wa siri ndani, na duka lenu ndilo linaloshika namba za simu na maagizo ya watu. Kisha atawashauri mchukue nakala ya duka linalouza kweli, eti mjaribu na wateja halisi. Nakala hiyo inaamka kwenye laptopu ikiwa na anwani za wateja, mipangilio ya SMTP (njia ya kutuma barua pepe) na kazi za ratiba zilizosubiri, halafu inaanza kutuma barua. Nimewahi kumwomba radhi mama mmoja aliyeambiwa mara tatu kwamba mzigo wake uko njiani, na mzigo alishaupokea mwezi uliopita. Kila laptopu ilikuwa imemwandikia kivyake.

Kwa hiyo futeni majina na anwani kabla nakala haijatoka kwenye seva, na ongezeni Mailpit kwenye compose.yaml, kisha elekezeni SMTP ya duka kwake, inase kila barua duka linayotuma. Funguo za malipo, ziwe za M-Pesa au Airtel Money, ziwe za majaribio tu, zikae kwenye faili ya .env iliyotajwa ndani ya .gitignore, orodha ya faili ambazo Git haizichukui. Ufunguo wa kweli ukishaingia Git, kuufuta kesho yake ni bure, historia inao; ombeni mwingine siku hiyohiyo.