Paka wangu amezaa na paka pori?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Chanika, na nyuma ya nyumba yetu ni pori linaloelekea msitu wa Kazimzumbwi. Paka wangu wa mistari amezaa watoto wanne. Mmoja ana miguu mirefu na masikio mekundu kwa nyuma. Jirani anasema baba yake ni paka pori. Inawezekana? Na kuna ubaya gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori huyu huyu, kupitia jamaa zake wa Mashariki ya Kati. Wakikutana wanazaa, na watoto wao nao wanazaa. Tena uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili, kwa hiyo si ajabu huyo mmoja asifanane na wenzake.

Mtazame tena akikua. Paka pori halisi ana miguu ya mbele mirefu hasa: akiketi, kifua husimama wima kama mtu aliyekaa kwenye kigoda. Nyuma ya masikio ana rangi ya kutu isiyo na mistari, na mistari ya ubavuni imefifia. Mkia wake ni mwembamba, una pete chache nyeusi kuelekea mwisho, na ncha yenyewe ni nyeusi. Ila alama hizi hazitoshi kumjua chotara. Baada ya vizazi viwili au vitatu anaweza kufanana na paka yeyote wa mtaani, na hapo hakuna jibu la uhakika ila kipimo cha vinasaba.

Ubaya ndio huo. Mondo na simbamangu hunaswa kwenye mitego au hulishwa sumu kwa kosa la kula kuku. Mzoga unaonekana, watu wanalalamika. Paka pori anapotea bila mzoga. Kila shume anayetoka mitaani kwetu kuingia porini anapunguza damu yake kidogo, na anaweza kumwachia maradhi pia, kama leukemia ya paka. Kwenye orodha za kimataifa bado anahesabiwa miongoni mwa wanyama wasio hatarini, na hilo linanitia wasiwasi, kwa sababu hesabu ya paka wanaoonekana haisemi wangapi ni halisi. Uskochi walichelewa: mwaka 2019 wataalamu walisema paka pori wao, wa aina ya Ulaya, hawawezi tena kujiendeleza wenyewe, na uchotara ulikuwa sababu kubwa.

Sasa fanya hivi. Mama yao mlete afungwe kizazi mara watoto watakapoacha kunyonya, na kabla ya hapo asitoke nje, maana anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Watoto wahasiwe wakifika miezi minne au mitano, huyo wa miguu mirefu akiwa wa kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa wapate wakiwa na miezi mitatu. Usimpeleke porini ukidhani unamrudisha kwao. Huko ndiko atakakoharibu zaidi. Na ukikuta watoto wa paka vichakani, waache hapo hapo, mama yao yuko mawindoni. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria.

Nakisia jirani yako naye ana dume lisilohasiwa. Siku utakayokuja, njoni naye, alibebe kwenye kapu lenye mfuniko.