Barua kwa mwanangu: nani anamlipa anayejitolea?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na mama yako. Sisi wazima. Embe za jirani zimeanza kudondoka uani kwetu, na mama yako ameshatoa hukumu kwamba zilizodondoka upande huu ni zetu.

Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni la mjomba wako, aliyekusimamisha harusini mbele za watu akitaka kujua kama ni kweli unalipwa mshahara kwenye hicho kituo cha watoto wenye ulemavu. Ulipokubali akasema, "Kumbe unakula sadaka za watoto." La pili ni mbio za hisani mnazoandaa. Nusu ya kamati inataka washindi wapewe fedha, nusu inasema hao ni wanariadha wa ridhaa na mbio ni za kheri, medali na cheti vinatosha. Unataka maoni ya baba yako.

Ninayo, tena ya muda mrefu. Yanakaa kwenye goti la kushoto.

Unajua tu kwamba nilicheza mpira, basi. Mwaka 1984 nilikuwa beki tatu wa timu moja ya mkoani hapa (beki tatu ya uwanjani, siyo hiyo mnayoitania ninyi vijana). Asubuhi nilikuwa karani wa ghala kwenye shamba la mkonge, saa tisa natoka, saa kumi niko mazoezini. Timu haikutulipa. Tulipewa nauli, na baada ya mechi sahani ya wali na maharage, tukishinda, nyama. Hatukuona ubaya. Wallahi tungecheza hata bila ule wali. Uwanja ulizungushiwa makuti, watu wanalipa mlangoni, na usiku viongozi wanahesabu mapato kwa taa ya chemli huku sisi tunaoga kwa ndoo nyuma ya jengo. Sarafu tulizisikia zikidondoka mezani. Hatukuuliza.

Goti lilikwenda Korogwe. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja una mashimo, winga wao akanigeuza. Mguu ukabaki shimoni, mwili ukaenda. Daktari wa timu alikuwa mzee mmoja mwenye ndoo na sponji. Akanimwagia maji, akanisomea. Nikarudi Tanga juu ya lori, nimelala kwenye magunia, na wiki ya pili goti limevimba kama fenesi. Babu yako akauza mbuzi wawili tukaenda hospitali. Nikamtuma kaka yangu kwa katibu wa timu, akarudi na jibu moja: "Mwambie yeye ni mchezaji wa ridhaa. Klabu haina fungu hilo." Mwaka huohuo katibu akanunua pikipiki. Sisemi fedha zilitoka wapi.

Neno hilo nimelala nalo miaka arobaini. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Binti huulizwa ridhaa yake kabla ya nikaha. Mimi niliridhia kucheza bure. Kuvunjika bure sikuridhia, wala sikuulizwa kama naridhia mwingine akatie tiketi goti langu.

Baadaye, nilipokuwa nasoma kila gazeti lililofungiwa vitumbua, nikajua kwamba mambo haya hayakuanzia Korogwe. Uingereza kuna mashindano ya makasia ya Henley, kwenye mto Thames. Mwaka 1879 waliweka kanuni ya nani ni mtu wa ridhaa, na kanuni ile ikawafungia nje kwa kuwataja kabisa: fundi wa mikono na kibarua anayeishi kwa ujira. Hata kama kwenye makasia hajawahi kulipwa senti! Kosa lake lilikuwa kufanya kazi. Ridhaa ya namna hiyo ilikuwa uzio wa mabwana ambao shamba la baba linawalisha, wasije wakapitwa na mtu ambaye mikono yake imekomaa kwa kazi.

Wenye Olimpiki wakaichukua fikra hiyo wakaifanya kama dini. Jim Thorpe, Mmarekani wa asili ya Wahindi Wekundu, alishinda pentathloni na dekathloni huko Stockholm mwaka 1912. Mwaka uliofuata wakamnyang'anya medali zote mbili, kwa kuwa zamani aliwahi kupokea vijisenti akicheza besiboli wakati wa likizo. Akafa mwaka 1953 bila medali zake. Uamuzi wa kumrudishia ulitoka mwaka 1982, na kutambuliwa kuwa mshindi pekee ni juzi tu, mwaka 2022. Maiti imeridhiwa, alhamdulillahi.

Sasa tuje kwetu. Mimi nilikuwa kijana wakati Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, John Walker wa hukohuko New Zealand yuko nyuma anakimbia na kivuli. Mtaa mzima ulitoka barabarani. Kwa kanuni za wakati ule, fedha za zawadi zilikuwa haramu kwake. Aliishi kwa nini? Alikuwa askari, Jeshi la Wananchi ndilo lililomlipa. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi. Hao ndio watu wa ridhaa wa Afrika Mashariki, na kila mmoja alikuwa na mlipaji wake, ila jina la mlipaji halikuandikwa kwenye jezi.

Hapo ndipo penye maoni yangu. Kazi ya bure sijawahi kuiona. Nimeona kazi ambayo mlipaji wake hatajwi.

Mtazame mama yako. Miaka kumi na moja alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea hapa mtaani. Wewe ulikuwa unabeba ule mzani wa kuning'iniza, yeye anabeba daftari na kile kikaptula cha kuwekea watoto, mnaenda chini ya mwembe kupima uzito. Mtoto akikosa kupimwa mara mbili, mama yako anamfuata kwao, hata awe ng'ambo ya mto. Kila mtu alimsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Nani alinunua sabuni, ndara, na mafuta ya taa ya kujazia ripoti usiku? Mshahara wangu wa ukarani. Siku moja nikamwambia, "Wewe hujitolei, unanitolea mimi." Akanijibu bila kugeuka, "Na wewe ulipokuwa unacheza mpira, nani alikuwa analima muhogo?" Nikanyamaza. Hata sasa, ninapoandika haya, ananiambia kutoka jikoni niiandike sentensi yake kama ilivyo.

Kitu kilichomtoa kwenye kazi ile hakikuwa umaskini. Ilikuwa karatasi. Shirika moja liliwaita wahudumu kwenye semina ya siku tatu hotelini. Wakufunzi wametoka mbali, wana posho za siku, wana gari linawasubiri kiyoyozi kikiwaka. Siku ya mwisho wahudumu wakapewa nauli na karatasi ya kusaini. Mama yako, unavyomjua, akasoma kwanza. Jina lake lipo, mahali pa saini papo, safu ya kiasi iko wazi. Akauliza, "Mbona hapa hamjaandika?" Akaambiwa, "Saini tu mama, tutajaza ofisini. Si unajitolea?" Akarudisha kalamu. Mzani ule mpaka leo uko stoo, kamba yake imeliwa na panya.

Kwa hiyo ukisikia mtu anahimiza wenzake wajitolee, tafuta kwanza yeye anakula wapi.

Shangazi yako wa Lunga Lunga, hapo ng'ambo ya Horohoro, kazi yake ni ileile ya mama yako. Kenya mwaka 2023 waliwatambua rasmi wahudumu hao, zaidi ya laki moja, wakawapangia shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Si fedha ya kujengea. Lakini shangazi yako sasa akichelewa kumtembelea mgonjwa, mgonjwa anaweza kumlalamikia. Mama yako hakuna aliyeweza kumlalamikia; angeanzia wapi? Hiyo ndiyo faida ya malipo ambayo watu hawaihesabu: anayelipwa anaweza kuulizwa.

Nakuja kwa mjomba. Yeye ni mtu wa msikitini, mjibu kwa kitabu. Surat Tawba, aya ya 60, imegawa zaka mafungu manane. La kwanza mafakiri, la pili maskini, la tatu wanaozitumikia, yaani wanaozikusanya na kuzigawa. La tatu, mwanangu! Kabla ya mwenye deni, kabla ya msafiri. Na mafakihi wetu wa Kishafi wanasema mtumishi huyo hupewa ujira mfano wa kazi yake, yaani unaolingana nayo. Basi wewe unayewavalisha watoto vyuma vya miguu, unayejua nani ana kifafa na nani hawezi kumeza, ujira wako unapimwa kwa kazi hiyo. Akibaki na ubishi, mkumbushe kwamba yeye ni dalali wa viwanja na hajawahi kumwonyesha mtu kiwanja bila hela ya kuonyesha. Hili la mwisho mama yako amenikataza kuandika, maana ni kaka yake, lakini barua ni yangu.

Lakini ile "mfano wa kazi yake" inakata pande mbili. Siku mkurugenzi wenu atakapojipangia mshahara wa meneja wa benki na gari la kupelekea watoto wake shule, mjomba atakuwa amesema kweli, na wewe usimtetee bosi kwa sababu tu anakusainia hundi. Kama mna ujasiri, bandikeni mishahara yenu kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni, kuanzia wa mkurugenzi hadi wa mlinzi. Mfadhili asome akisubiri chai. Atakayeona haya kubandikiwa ndiye wa kuzungumza naye.

Kuhusu mbio. Uliza mambo haya kamatini: je, kuna kiingilio? Kuna mabango ya wadhamini? Kuna saa na wapimaji? Kama vyote vipo, aliyekimbia mbele ndiye aliyewaletea kamera, na kamera ndiyo iliyowaletea mdhamini. Mpeni chake. Kijana anayetoka Mbulu au Singida amelipa basi, amelala gesti, na viatu vyake vimekwisha soli. Cheti hakimrudishi kwao. Tena mtoe siku ileile, palepale, bahasha mkononi au kwenye simu. Mtume (s.a.w.) amesema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na kwa mkimbiaji maneno hayo hayahitaji tafsiri. Haya mambo ya "njoo ofisini Jumatatu" tunayajua.

Wala msione mnavunja heshima ya michezo. Mwaka 2024 kule Paris Shirikisho la Riadha la Dunia lilimpa kila mshindi wa dhahabu ya riadha dola 50,000. Beatrice Chebet wa Kenya, aliyechukua mita 5,000 na 10,000, alipata mara mbili. Sikusikia mtu akisema alikimbia kwa mapenzi machache zaidi. Wahenga walishasema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza kwenyewe, kama ulivyoona ngomani, ni noti inayopachikwa kwenye paji la uso.

Kama hamna fedha, msifanye mbio. Fanyeni matembezi. Watu watembee na watoto wa kituo, mwenye kiti cha magurudumu asukumwe, wafike pamoja wanywe uji. Hapo hamna mshindi, hamna anayedai.

Na vijana wa ndondo pale mtaani kwenu, ambao umesema hawana hata mpira wa pili? Hao siwezi kukuambia walipwe mshahara, utatoka wapi. Ila wekeni kibubu cha goti. Kila mechi elfu mbili tatu zinaingia humo, na akiumia mtu, watu wawili wanaenda naye hospitali na kile kibubu. Ningekuwa na kibubu kama hicho mwaka 1984, babu yako angebaki na mbuzi wake.

Nilitaka kukuandikia pia habari ya paa, lakini mama yako ameshachukua kanga na kutoka. Bibi wa nyumba ya tatu amefariki alfajiri, wamemwita kumwosha. Hiyo kazi anaifanya tangu hujazaliwa, na aliwahi kumfukuza kijana aliyemfuata na noti mlangoni. Mpaka leo hawasalimiani vizuri. Maziko ni baada ya Alasiri. Naenda kutafuta sururu yetu, iko kwa jirani mwenye mwembe.

Baba yako