Kabla ya Kuinua Usukani wa Pikipiki Kuukuu

Juma lililopita kijana mmoja aliyeiona picha ya pikipiki yangu, Yamaha DragStar, aliniandikia akitaka kujua aanzie wapi. Amepata ya namna hiyohiyo, ya mwaka 1998, na tayari ametenga fedha za usukani mrefu na za kukata sailensa. Swali lake lilinitonesha kidonda, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoanza mimi.

Sisi wa Dar es Salaam tunaopenda pikipiki hizi ndefu, za kukaa chini na kutanguliza miguu, mara nyingi tunapata zilizokwisha kutumika Japani, na ndiyo maana nyingi ni za cc 400: leseni ya daraja la kati ya huko inaishia hapo, kwa hiyo viwanda vikatengeneza pikipiki nyingi za ukubwa huo. Yamaha ilitoa DragStar 400 mwaka 1996, yenye silinda mbili za umbo la V zinazopozwa kwa hewa, na shafti badala ya cheni. Ni mashine mvumilivu. Yangu niliikuta imelala miaka miwili chini ya mwembe, tangi likinuka mafuta yaliyochacha, nikalipa bila kuuliza kwa sababu kromu ilikuwa inang'aa.

Nilimpelekea fundi ambaye simtaji, nikamwomba aniwekee usukani wa juu. Nilipouliza kama nyaya za mafuta na klachi zitafika huko juu alinijibu, "Bosi, zitafika tu." Kweli zilifika, usukani ukiwa umenyooka. Siku ya kwanza nilipokata kona kali kushoto nikitoka sheli, injini ilinguruma yenyewe bila mimi kuongeza mafuta. Usukani ulipogeuka uliuvuta waya wa mafuta, ambao sasa ulikuwa mfupi, nami nikaivaa meza ya muuza machungwa. Nilimlipa mama yule machungwa yake yote huku watoto wakiyaokota na kunishangilia. Fundi, nilipomrudia, alisema sijui kuendesha. Neno hilo sijalisahau.

Sailensa nazo zilikuwa zimekwisha kukatwa. Kabureta, zinazochanganya hewa na mafuta, zilipimwa kiwandani kwa bomba la asili, nazo hazikupewa jeti nyingine, yaani vitundu vya kupitishia mafuta, kwa hiyo hewa ilizidi mafuta, injini ikawa inachemka na kupiga baruti kila nilipoachia mafuta. Majirani waliijua saa yangu ya kurudi. Vipande vya asili nilikuwa nimeviuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa bei ya soda mbili.

Miezi iliyofuata, ya kusafisha kabureta na kuondoa kutu ndani ya tangi, sitaisimulia. Nitasema tu kwamba Jumamosi iliyopita nilikwenda Morogoro na kurudi, karibu kilomita 400, bila kufungua hata boliti moja, na pale Chalinze madereva wa malori walinizunguka kuitazama. Nilivimba kichwa, nakiri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, acha kwanza urembo. Chuchumaa usome ubavu wa tairi: tarakimu nne za mwisho zikiwa 2309, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, nawe usilipande hata kama kashata zake, yale meno ya juu, ni nzima, kwa sababu mpira huzeeka umesimama. Halafu breki, halafu kabureta. Tunapenda kuonekana kabla ya kufika, na vijana wa sasa, kama nilivyokuwa mimi, hawataki kusikia kwamba pikipiki yenye umri wao inastahili kupimwa kabla ya kupambwa. Kuwa na subira.

Usukani utauinua, sikukatazi, lakini nunua kwanza nyaya ndefu za mafuta na klachi pamoja na mpira mrefu wa breki, kisha injini ikiwa inaunguruma geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, usikilize kama sauti inapanda. Sailensa za asili zifunge kwenye kanga kuukuu uziweke uvunguni. Zikikushinda kuzitunza, niuzie mimi.