Mijohoro michanga yenye makovu na panda: ipi ibaki, ipi ikatwe?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina ekari mbili za mijohoro nje kidogo ya mji wa Kongwa, niliyoipanda miaka minne iliyopita kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, nikitarajia kupata mbao. Kiangazi kilichopita mbuzi waliingia wakabandua magome, na miti mingine ilikuwa imeshakatwakatwa kwa panga wakati wa palizi. Mingi ina panda (shina limegawanyika mawili), mingine imepinda, na sasa mchwa wamejenga juu ya vidonda. Jirani amenishauri nipake oili chafu. Je, miti hii itapona, au niing'oe nianze upya?

JIBU: Ndugu msomaji, usiing'oe. Ila hilo neno "itapona" lahitaji maelezo, kwa kuwa kidonda cha mti hakiponi kama kidonda cha ngozi. Sehemu iliyojeruhiwa haizaliwi upya. Mti huizungushia kizuizi ili uozo usisambae, kisha huendelea kuongeza tabaka jipya kwa nje hadi kingo za gome zikutane. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone yaliyomo, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa ufasaha zaidi. Niliwahi kusimama hapa Dodoma gogo la mjohoro likipasuliwa: kwa nje halikuwa na alama yoyote, lakini ubao wa tatu ulitoka na mstari mweusi wenye urefu wa kiganja, na ndani yake kipande cha gome kikavu kabisa. Lilikuwa pigo la panga la miaka mingi, limefunikwa tu.

Kwako hiyo ni nafuu. Kovu linalopatikana shina likiwa na unene wa kifundo cha mkono hubaki katikati ya gogo, mahali ambapo hata mti mzima hautoi ubao wa maana, ilhali kovu lilelile likipatikana mti ukiwa na miaka kumi huangukia kwenye mbao zenyewe.

Pita sasa mti kwa mti ukiwa na kisu kidogo. Kwaruza gome kidogo pembezoni mwa kidonda: ukiona ubichi wa kijani wenye unyevu, hapo pako hai, ukikuta rangi ya kahawia na ukavu, pamekufa, hivyo songa mbele hadi upate mpaka. Kidonda kisichozidi theluthi ya mzunguko wa shina kiache kilivyo. Kikizidi nusu, mti huo uhesabu kuwa wa nguzo au kuni. Gome likiwa limebanduliwa kuzunguka shina lote, usidanganywe na majani mabichi: maji bado yanapanda kupitia mti wa ndani, lakini chakula hakishuki tena kwenye mizizi, nayo itakufa njaa polepole. Mti wa namna hiyo ukate chini ya kidonda, karibu na ardhi, kwa mkato wa mshazari, mwezi Novemba kabla mvua hazijaanza. Mjohoro huchipua vizuri sana kwenye kisiki. Mvua zikiisha, bakiza chipukizi moja lililonyooka, nalo litakua haraka kwa kuwa linalishwa na mizizi ya miaka minne.

Mchwa unaowaona aghalabu wanakula gome lililokwisha kufa. Bandua udongo wao kwa kidole. Ukikuta chini yake pagumu, waache. Wanaohitaji kuogopwa ni wale wanaoshambulia miche ya mwaka wa kwanza. Oili chafu usipake: haizuii uozo, huweza kuua gome changa linalojaribu kuziba kidonda, na huchafua udongo.

Panda ndiyo kasoro itakayokugharimu zaidi, maana mjohoro una tabia ya kugawanyika chini. Itazame ilivyokaa. Ikiwa ni nyembamba na gome limebanwa katikati, upepo wa kiangazi huipasua hadi kwenye shina. Ikiwa pana na ya mviringo hushika vizuri zaidi, lakini bado hukupunguzia urefu wa gogo. Shina dhaifu likiwa bado jembamba kuliko kidole gumba, liondoe mara moja. Yote mawili yakiwa manene, punguza moja nusu ya urefu mwaka huu, ulimalizie mwakani, ili mti usibaki na jeraha kubwa kwa ghafla. Usikate kwa panga. Tumia msumeno, anza na mkato mdogo upande wa chini ili gome lisichanike, na usiguse ule uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina, kwani ndipo panapoanzia kuziba. Usiondoe zaidi ya theluthi ya majani kwa mwaka mmoja.

Miti iliyopinda haina tiba. Shina lililoinama hutengeneza mti wa ndani wenye mvutano upande wa juu (kwa misonobari na jamii yake huwa upande wa chini), na mbao zake hujikunja zikikauka hata ukizipanga vizuri kiasi gani.

Kwa nafasi uliyopanda, ekari mbili hubeba miti takriban 900, na hukutarajia yote ifike kwenye msumeno, lazima upunguzie. Basi hiyo yenye makovu makubwa, panda mbaya na mipindo ndiyo utakayoitoa kwanza, mradi usiache uwazi mkubwa mahali pamoja. Iliyo mizuri ifunge kamba ya rangi mapema, kabla mkataji hajaingia. Na boma la miiba lijengwe kabla ya mavuno, maana mashamba yakishavunwa mifugo huachiwa izurure, na mbuzi watarudi kwenye magome yaleyale.