Iliyofunguliwa imefungwaje?

SWALI: Natafsiri maandishi ya programu ya ankara inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Mmoja akianza kuhariri rekodi, wengine huonyeshwa: "Rekodi imefungwa na mtumiaji mwingine." Mwenzangu anataka "imefungiwa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote wawili mmekosea. "Imefungiwa" tuimalize haraka: mchezaji hufungiwa mechi tatu kwa utovu wa nidhamu. Ankara haijamkosea mtu.

"Imefungwa" ndiyo inayonikera, na hunikera kila ninapoikuta. Tazama kinachotendeka. Asha amefungua ankara namba 214 arekebishe kiasi. Ameifungua! Juma akiigusa, anaambiwa Asha ameifunga. Na kwenye dirisha hilohilo kuna kitufe cha "Funga", chenye maana ya kutoka kwenye rekodi. Mhasibu naye ana maana yake: hesabu za mwezi zikishafungwa, haziguswi tena. Akisoma "ankara imefungwa" ataamini imekwisha, ataandika nyingine yenye kiasi sahihi, na mteja atadaiwa mara mbili. Kosa hilo si la mhasibu, ni la aliyeandika ujumbe.

Kitenzi chenyewe hakina hatia. Twafunga mlango, mzigo, bao, ndoa, safari na Ramadhani. Kwa kuwa kimebeba mengi hivyo, taja kifaa: kufuli, neno tulilolipata kwa Waarabu. Programu "huweka kufuli" na "huondoa kufuli". Hayo yaandike kwenye mipangilio ya msimamizi.

Juma hahitaji habari za kufuli. Anataka kujua ni nani, tangu lini, na yeye afanye nini. Andika: "Asha anahariri ankara hii tangu saa 4:10. Unaweza kuisoma, lakini huwezi kuibadilisha mpaka amalize." Kama jina halipatikani, "Ankara hii inahaririwa" inatosha, "iko chini ya uhariri" si Kiswahili. (Kusema tunahariri tarakimu ni kulivuta neno mbali na kazi yake ya kusafisha maandishi, ila limekwishazoeleka. Nimeliacha.)

Asha akizima kompyuta bila kutoka kwenye rekodi, kufuli linaweza kubaki mpaka muda wake uishe au msimamizi aliondoe. Kitufe cha kazi hiyo kiite "Ondoa kufuli". Ukikiita "Fungua", watu watakibonyeza wakidhani wanafungua ankara waisome, na kama Asha bado anahariri, mabadiliko ambayo hajayahifadhi yatapotea. Onyo la kupotea huko liandikwe kabla ya kuthibitisha, kwa jina lake: "Mabadiliko ya Asha yatapotea."

Chunguza pia programu yenu inafanyaje kazi. Nyingine haziweki kufuli lolote. Huwaacha wote wawili waandike, kisha hulinganisha namba ya toleo (namba inayobadilika kila rekodi inapohifadhiwa) wakati wa kuhifadhi na kumkatalia aliyechelewa. Huyo aambiwe: "Ankara hii imebadilishwa tangu ulipoifungua. Isome upya, kisha urudie marekebisho yako." Ukimwandikia "imefungwa", atakaa akisubiri ifunguliwe, na hakuna atakayeifungua.