Re: Kifundo cha nyuma kimevimba ila hachechemei, eksirei inatosha?
Mkuu, kwa farasi wa mwaka mmoja anza na eksirei, tena dokta apige picha miguu yote miwili ya nyuma hata kama mmoja unaonekana mzima, maana OCD, yani gegedu kushindwa kukomaa vizuri kuwa mfupa, mara nyingi inakuwa pande zote na uvimbe bila kuchechemea ndo dalili yake. Picha ya mshazari, yani ya kupigwa kwa pembeni kidogo, isikosekane, kipande cha mfupa na gegedu kinapenda kumeguka pale mbele mwisho wa chini wa tibia, yani mfupa wa muundi ulio juu ya kifundo. Gegedu lenyewe halionekani kwenye eksirei, hapo ultrasaundi inasaidia sana. Ila angekuwa wa wiki chache na kiungo kina moto usingoje picha aisee, mwanzoni eksirei inatoka safi kabisa huku bakteria wanakula kiungo, maji ya kiungo yavutwe yapimwe siku hiyohiyo.